Juu ya Jiwe la Volkano, Paa Ndilo Kisima



Amri ya uhamisho haina mjadala. Askari hupokea karatasi yake asubuhi, jioni mizigo imefungwa, na baada ya siku chache mama na watoto wanajikuta mbele ya mlango wa nyumba wasiyoijua. Wakati mwingine ni nyumba ya kambini, yenye bomba na taa. Wakati mwingine kambi imejaa, na familia haina budi kupanga uraiani. Wiki hii safu yetu inazungumza na wale ambao karatasi yao imeandikwa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, na ambao nyumba waliyoipata iko pembezoni mwa mji au katika vijiji vya kaskazini, kuelekea Busasamana na Bugeshi, mahali ambapo zipo nyumba zisizofikiwa na waya wa umeme wala bomba la maji.

Wengi wakisikia jina la Gisenyi huwaza ufuko wa Ziwa Kivu, mitende na hoteli. Vitu hivyo vipo. Lakini ukiupa ufuko mgongo na kupanda kuelekea kaskazini, unakanyaga ardhi ya namna nyingine. Utaona mawe meusi yenye matundu kama sifongo na makali kama chupa iliyovunjika, yamepangwa kuwa kuta za mashamba na misingi ya nyumba. Wenyeji huyaita amakoro. Ni lava, yaani mwamba uliotoka tumboni mwa milima ya volkano ukiwa uji wa moto, ukatiririka, ukapoa na kuganda. Mtu aliyezoea kwao kuchimba kisima, choo na shimo la takataka, hapa jembe lake litagonga jiwe na kumrudia.

Mimi nililetwa huku na kazi ya serikali, si na bunduki, lakini nimekaa na familia za askari mlango kwa mlango, na nimeona ni zipi zinazosumbuka na ni zipi zinazotulia. Tofauti yao haikuwa cheo wala mshahara. Zilizotulia zilikuwa zimeelewa kanuni moja: katika ardhi ya lava, heri hutoka juu, na hatari nyingi hukaa chini. Maji yanatoka juu na mwanga unatoka juu. Chini kuna nyufa zinazobeba uchafu, na kuna hewa nzito isiyoonekana. Anayeipanga nyumba yake kwa kuifuata kanuni hiyo ataishi salama, hata kama baba, au mama mwenye kuvaa sare, yuko lindoni mwezi mzima.

ARDHI INAYOKUNYWA KILA KITU

Mgeni hushangaa kuona mvua kubwa ikinyesha mchana kutwa, na kesho yake hakuna kijito hata kimoja. Sababu ni kwamba lava ina matundu na nyufa nyingi. Maji yakianguka juu yake huzama papo hapo, yakasafiri chini kwa chini, na kutokea mbali sana, pengine ziwani. Ndiyo maana upande wa milima ya volkano una mvua ya kutosha na udongo mzuri wa viazi mviringo, lakini chemchemi na mito ni haba. Mto Sebeya, unaosaidia mji wa Gisenyi, unatoka upande mwingine, katika milima ya kusini-mashariki, na wakati wa masika hujaa tope. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei, 2023, mto huo ulifurika na kubomoa nyumba nyingi, katika maafa yaliyoua watu zaidi ya 130, hasa katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini. Kwa hiyo hata aliye karibu na bomba asilitegemee bomba peke yake.

Ubaya wa ardhi isiyo na maji na isiyochimbika ulionekana kwa namna ya kutisha mwezi Julai 1994, baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Mamia kwa maelfu ya watu walivuka mpaka na kupiga kambi juu ya lava kuzunguka Goma, katika maeneo kama Kibumba, Katale na Mugunga. Kibumba haikuwa na chanzo cha maji. Maji yaliletwa kwa magari. Vyoo havikuweza kuchimbwa haraka kwa sababu ya mwamba. Kipindupindu na ugonjwa wa kuhara damu vikaingia, na katika mwezi mmoja tu walikufa watu wanaokadiriwa kufikia 50,000. Hawakuuawa na mlima. Wengi wao waliuawa na maji machafu. Tukio hilo lapasa kukumbukwa na kila mama anayepanga nyumba juu ya jiwe hili, kwa kuwa lililotokea kwa maelfu kambini laweza kutokea kwa watano nyumbani.

PAA NDILO KISIMA CHAKO

Tuanze na maji. Kabla ya kulipa kodi ya nyumba, usitazame kwanza sebule. Tazama paa. Je, bati ni zima? Je, lina mifereji pembezoni? Je, pana mahali imara pa kuweka tangi?

Hesabu yake ni nyepesi, na mtoto wa darasa la tano anaweza kukusaidia. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Tuseme nyumba yako ina urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Eneo lake ni mita za mraba 48. Mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua ya kawaida ya alasiri moja katika masika, itakupatia lita 960. Hizo ni jerikeni 48 za lita 20, ambazo hukuzibeba kichwani wala hukuzilipia.

Katika mwaka mzima Gisenyi hupata mvua inayozidi milimita 1,000. Kwa paa lile lile hizo ni lita 48,000. Toa sehemu moja kwa tano kwa ajili ya maji yanayomwagika na yale ya kuoshea bati, zinabaki lita 38,400. Gawa kwa siku 365, unapata lita 105 kwa siku. Kwa familia ya watu watano, kila mmoja ana lita 21, yaani jerikeni moja na kidogo. Si maji mengi, kwa maana wataalamu wa afya hutaja lita 50 hadi 100 kwa mtu kuwa ndicho kiasi cha kukidhi mahitaji yake vizuri. Lakini ni maji ya kunywa, kupikia, kunawa na kufulia kwa uangalifu.

Taabu ni kwamba mvua hainyeshi kwa mgawo wa kila siku. Kuanzia Juni hadi Agosti anga hukauka. Tangi la lita 5,000 lililojaa mwisho wa Mei, ukilitumia kwa lita 100 kwa siku, litakwisha baada ya siku 50, na Agosti itakukuta unabisha hodi kwa majirani. Ukijizuia kwa jerikeni tatu kwa siku, yaani lita 60, litakufikisha siku 83. Kwa hiyo mwezi Juni mama mwenye busara huanza kuhesabu. Maji ya kuoshea mboga humwagilia bustani, na maji ya kufulia huosha sakafu kisha choo. Jerikeni moja hufanya kazi mbili au tatu kabla ya kumwagwa.

Yako mambo manne ya kuzingatia.

Kwanza, usiyakinge maji ya mwanzo. Baada ya siku kadhaa za ukavu, bati hushika vumbi, kinyesi cha ndege na pengine majivu ya mlima. Acha mvua ilioshe paa kwa dakika kumi hivi, ndipo ugeuze mfereji kuelekea kwenye tangi.

Pili, tangi liwe juu ya ardhi, juu ya msingi wa mawe, lenye kifuniko na wavu wa kuzuia mbu. Usishawishiwe kuhifadhi maji katika ufa au shimo la asili la lava, hata likionekana safi. Hujui ufa huo umeanzia chini ya choo cha nani.

Tatu, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa. Maji ya ziwa nayo yachemshwe vilevile, kwani kung'aa kwake si dalili ya usafi.

Nne, na hili wengi hawalijui, kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi madini. Moshi wa Nyiragongo na wa jirani yake Nyamulagira una gesi zenye asidi na madini ya floraidi. Upepo huusukuma zaidi upande wa magharibi, na huko mvua huyapokea madini hayo na kuyaangusha juu ya mapaa. Mtoto anayekunywa maji yenye floraidi nyingi wakati meno yake yanaota hupata madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Ukiuona moshi wa mlima umelala juu ya kijiji chako siku mfululizo, maji yaliyokingwa siku hizo yaweke kwa kufulia, na maji ya mtoto mdogo yachote penye bomba lililopimwa.

CHOO HUPANDA, HAKISHUKI

Kwa kuwa jembe halishuki, choo cha ardhi ya lava hupanda. Wenyeji hujenga ukuta wa mawe juu ya mwamba, wakapata kama chumba kidogo cha kupokelea uchafu, kisha huweka sakafu na ngazi mbili tatu za kupandia. Mgeni huona ajabu kupanda ngazi kwenda chooni, lakini ndio ufundi wenyewe. Chumba hicho kipigwe saruji ndani ili uchafu usiteremke katika nyufa, na kiwe na mlango wa nyuma wa kuondolea uchafu. Majivu ya jikoni yasitupwe; yamwagwe humo kila siku, yatakausha na kupunguza harufu na nzi. Chombo cha maji na sabuni kikae mlangoni. Mama akilegea hapa, ile hesabu yote ya paa haitamsaidia.

Kadhalika usikate tamaa ya bustani kwa sababu ya mwamba. Magunia yaliyojazwa udongo na samadi, yakatobolewa ubavuni, huota mchicha, vitunguu na sukumawiki penye jiwe tupu.

MWANGA WA KIASI NA SARE ILIYONYOOKA

Sasa tuje kwenye mwanga. Siku hizi kaya nyingi nchini hupata umeme si kwa nyaya bali kwa mtambo wa jua uliowekwa juu ya paa. Ni jambo jema, lakini mtambo mdogo una mipaka, na ugomvi mwingi wa nyumbani hutokea kwa kutoijua mipaka hiyo.

Chukua paneli ya wati 50. Kwa wastani wa saa nne za jua kali, huzalisha kama wati 200 kwa saa moja. Sehemu hupotea katika betri na nyaya, hivyo hesabu 150. Balbu tatu za wati 5 zikiwaka saa nne hutumia 60. Redio ya wati 5 kwa saa sita hutumia 30. Kuchaji simu mbili hutumia kama 20. Jumla ni 110, na akiba ya 40 ni kwa siku ya mawingu, ambazo huku si chache. Familia iliyo na nidhamu itasoma, itasikiliza habari na kuwasiliana na baba aliye lindoni bila kulala gizani.

Lakini pasi ya umeme ya wati 1,000 ingemaliza umeme wote huo kwa dakika tisa. Na sare ya askari ni lazima inyooke. Kwa hiyo katika nyumba hizi pasi ya mkaa bado ni mfalme, na hapo ndipo ninapotaka msomaji anisikilize kwa makini.

MOTO ULIOFUNGIWA NDANI

Usiku mmoja wa mvua, katika nyumba ya pili kutoka kwangu, mke wa askari alikuwa peke yake na watoto watatu. Mumewe alikuwa zamu ya usiku, na sare ya pili ilitakiwa alfajiri. Mvua ilikuwa inapiga kwa upepo, basi akafunga mlango na dirisha, akawasha pasi ya mkaa na kunyoosha sare. Alipomaliza, kwa kuwa baridi ilikuwa kali, akaliingiza na lile jiko la mkaa, imbabura, chumbani ili watoto wapate joto. Mkaa ulikuwa umekwisha kuwa mwekundu, bila moshi. Akaona ni salama.

Jirani mwingine, naye mke wa askari, alikuja kuazima ile ile pasi.

"Hodi! Mama watoto, hodi! Naomba pasi, dada yangu."

Hakuitikiwa. Alipiga tena, akasikia mtoto anatapika. Akasukuma mlango. Mama alikuwa ameketi sakafuni, kichwa kinamuuma, miguu haina nguvu, na hakuelewa ana nini. Watoto wawili walikuwa wamelala usingizi usio wa kawaida. Tuliwatoa wote barazani kwenye mvua, tukawafikisha kwenye kituo cha afya, na kwa rehema ya Mungu wote walipona. Kama sare ya jirani ingekuwa imekwisha kunyooshwa jioni, pengine safu hii ingekuwa ya maombolezo.

Mkaa mwekundu usiotoa moshi hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huchanganyika na hewa ya chumba kizima, na huingia katika damu na kuziba nafasi ya hewa safi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na ulegevu, na mtu hudhani ni malaria au uchovu. Basi tusifanye mzaha. Pasi ya mkaa inyooshewe barazani au penye dirisha wazi. Jiko lisiingie chumba cha kulala hata mara moja. Baridi ya Gisenyi, kwenye kimo cha mita karibu 1,500 juu ya bahari, inashindwa kwa blanketi mbili na watoto kulala pamoja.

Ajabu ni kwamba haya yanatokea kando ya ziwa lililojaa nishati. Katika kina cha Ziwa Kivu mna gesi ya methani inayokadiriwa kufika kilomita za ujazo 60, imefungiwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Tangu mwaka 1963 gesi iliyovutwa Rubona ilitumika katika kiwanda cha bia cha Gisenyi. Mtambo wa KivuWatt ulioko Karongi huzalisha megawati 26 kwa gesi hiyo, na mtambo mwingine umejengwa hapa hapa Rubavu. Siku waya utakapoufikia mlango wako, shukuru. Lakini leo usiku chakula lazima kiive na watoto walale salama, na hilo halingojei waya.

HEWA MBAYA YA MABONDENI

Ipo hewa nyingine, tofauti na ile ya mkaa. Waswahili wa upande wa Goma waliipa jina la mazuku, na leo wataalamu wa volkano duniani kote hutumia neno hilo hilo la kwetu. Ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini kupitia nyufa. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haipandi. Hulala katika mabonde madogo, mashimo na mapango ya lava kama maji yanavyotuama katika bakuli. Imejulikana sana kandokando ya ziwa magharibi ya Goma, kuelekea Sake. Askari na familia zao huhama na kutembeleana pande zote, kwa hiyo kila mmoja yampasa aijue.

Mazuku humuua aliye mfupi kwanza. Mbuzi akiingia bondeni hafiki ng'ambo. Mtu mzima anaweza kupita akiwa amesimama, huku mtoto aliyemshika mkono anavuta hewa ya sumu. Hatari huzidi usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo. Alama zake ni majani yaliyokauka katika shimo huku ya pembeni ni mabichi, na wadudu au ndege waliokufa bila jeraha. Ukiziona, ondoka na upande juu. Watoto wakatazwe kabisa kuchezea mapango na mashimo ya lava, na kitanda cha mtoto kisiwe chini sakafuni katika nyumba iliyojengwa bondeni.

Na likitokea la kutokea, mtu akaanguka shimoni, usimfuate kwa kuinama na kumshika. Atakuwa amekufa mmoja, mtakufa wawili. Piga yowe, tafuta kamba, mvutwe kutoka juu. Wazee wa mahali huyajua mashimo yenye sifa mbaya. Ukihamia, uliza kiongozi wa mudugudu siku ya kwanza, kabla hujauliza bei ya viazi.

SIKU MLIMA UTAKAPOAMKA

Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470, uko upande wa Kongo, lakini mwanga wake mwekundu umeonekana mara nyingi usiku kutoka Gisenyi. Katika maisha ya wazee wetu umemwaga lava mara tatu. Tarehe 10 Januari, 1977, ziwa la moto lililokuwa kileleni lilikauka kwa muda usiofika saa moja, na lava nyepesi ikateremka kwa kasi iliyokadiriwa kufika kilomita 60 kwa saa, ikawakuta watu vijijini. Tarehe 17 Januari, 2002, lava ilipita katikati ya mji wa Goma na kuingia ziwani. Watu wanaokadiriwa kufika laki tatu walikimbilia Gisenyi. Siku chache baadaye kituo cha petroli kililipuka juu ya lava ya moto na kuua makumi ya watu waliokuwa wakichota mafuta. Tarehe 22 Mei, 2021, Jumamosi usiku, mlima ulipasuka tena. Lava ilisimama kandokando ya Goma, lakini kwa siku kadhaa matetemeko yaliyofika kipimo cha 5 yalipasua nyumba na barabara huko na hapa Gisenyi.

Katika tukio la 2021 yapo mambo mawili ya kujifunza. La kwanza ni kwamba lava iliharibu tangi na mabomba ya maji, na watu wapatao nusu milioni wa Goma wakakosa maji. La pili ni kwamba katika mbio za usiku ule watoto zaidi ya 150 walitenganishwa na wazazi wao.

Sasa fikiri, ewe mke wa askari. Usiku kama ule mumeo hatakuwa nyumbani. Atakuwa barabarani akiongoza magari, mpakani akipokea wakimbizi, au kwenye lindo lake akingoja amri. Ndiyo kazi aliyoapa. Hataweza kuja kukuuliza kama mtoto wa pili amevaa viatu. Mambo hayo yaamuliwe leo, mkiwa mmekaa pamoja mezani.

Amueni mahali pamoja pa kukutania, mbali na kuta za mawe, na pengine pa pili nje ya mji. Kila mtoto ajue kwa moyo majina kamili ya wazazi wake, kikosi au kituo cha baba au mama, na namba moja ya simu. Mdogo asiyeweza kukariri ashonewe kitambaa chenye maandishi ndani ya koti lake. Mfuko mmoja uning'inie karibu na mlango: vitambulisho, kadi za kliniki, dawa, tochi, redio ndogo, blanketi, maji ya chupa na viatu vya kufunika mguu, maana ukitembea juu ya lava bila viatu utafika ukiwa unachechemea. Kabla ya kutoka, zima jiko. Siku za matetemeko laleni nje au katika kibanda cha mbao, wala msirudi ndani kabla nyumba haijakaguliwa. Fuata tangazo la serikali, si uvumi wa njiani. Na udadisi usikupeleke kutazama lava inayopoa.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yanatia hofu. Mimi naona kinyume. Watu wa ardhi ya lava wamelima, wamejenga na kulea watoto juu ya jiwe hili kwa vizazi vingi, nao si watu wa kutetemeka. Wanajua tu maji yao yanatoka wapi, choo chao kimekaa wapi, na njia ya kukimbilia iko wapi. Askari hafundishwi vita siku ya vita. Nyumba yake nayo isifundishwe siku ya moto.

Basi jioni ya leo, kabla giza halijaingia, toka nje na familia yako mfanye ukaguzi mdogo. Mtazame paa, mifereji, kifuniko cha tangi, mlango wa choo, mahali pa jiko na mfuko ulio mlangoni. Mkubwa akague, mdogo aandike. Kisha mmwandikie au mpigieni aliye lindoni, mumweleze kwamba nyumbani kila kitu kiko tayari. Naamini usiku huo atasimama kwenye lindo lake kwa moyo uliotulia zaidi.

Tukutane wiki ijayo katika ukurasa huu huu wa nyumbani.